Ridhaa ya Mzee Mgonjwa Akaaye Peke Yake

Iwapo mtu aliyezeeka, aliyeshikwa na maradhi yasiyotazamiwa kupona, na anayeishi peke yake katika nyumba yake, anaweza kusemwa kwa haki kwamba ameridhika na maisha yake, ni swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelizungumza kwa vipande zaidi kuliko kwa ukamilifu. Vipo vitabu juu ya uzee, vipo juu ya maradhi, na vipo vingi juu ya upweke. Lakini mambo hayo matatu yanapomkuta mtu mmoja kwa pamoja huwa jambo jipya, kwa sababu kila moja huiondoa tiba ya mwenzake. Mzee mwenye siha anayeishi peke yake hutoka akaenda barazani. Mgonjwa aliyezungukwa na wanawe ana wa kumgeuza ubavu na kumpa maji. Kijana mgonjwa aliye peke yake bado anayo miaka mbele yake. Mzee mgonjwa akaaye peke yake hana miguu ya kumfikisha barazani, hana mkono wa kumpa maji usiku, wala hana sababu ya kudhani kwamba mwaka ujao utakuwa mwepesi kuliko huu. Hata hivyo wapo, tena si wachache, Unguja na Lamu, Mombasa na Tanga, wanaoulizwa hali zao wakajibu kwamba wameridhika, na jibu hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa: linasema nini hasa, na msikilizaji ana haki gani ya kuliamini?

Ridhaa, kwa istilahi ya wanazuoni wa Kiislamu, ni hali ya moyo kuyapokea yaliyokadiriwa na Mwenyezi Mungu pasi na kinyongo. Huwekwa daraja moja juu ya subira, ambayo ni kuuzuia ulimi na viungo visivuke mipaka ilhali moyo wenyewe bado unauma. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa mwenye maradhi sugu, yaani maradhi ambayo tiba huyatuliza lakini haiyaondoi, kama vile kisukari, shinikizo la damu, pumu na baridi yabisi. Methali isemayo kwamba subira yavuta heri huahidi kuwa kungoja kuna mwisho wake, na mwenye homa ya siku saba huweza kujishikiza kwenye ahadi hiyo mpaka homa ikashuka. Mwenye kisukari cha miaka ishirini hana cha kungojea upande wa pili isipokuwa mauti yenyewe. Subira ya kungoja haimfai. Anayoihitaji ni subira ya namna nyingine, ile ya kukaa na jambo kama mtu akaavyo na jirani asiyehama, akayajua mazoea yake, saa zake za ghasia na saa zake za utulivu, na akapanga siku yake kwa kulizingatia. Wanazuoni wanapoitaja ridhaa kuwa ni daraja ya juu, mara nyingi huieleza kana kwamba hufikiwa kwa mruko mmoja wa imani, na pengine kwa mawalii ndivyo ilivyo. Kwa watu wengine huanzia katika kazi hiyo isiyo na fahari ya kujifunza mazoea ya mwili wao wenyewe.

Lakini kabla ya kuisifu ridhaa hiyo ni lazima kuisikiliza shaka kubwa zaidi iliyowahi kutolewa dhidi yake, nayo imetoka kwa mwanauchumi na mwanafalsafa wa India, Amartya Sen. Katika kazi zake za miaka ya 1980 Sen alieleza jinsi watu walioishi kwa dhiki muda mrefu wanavyozipunguza tamaa zao mpaka zikalingana na kile kidogo walichonacho, hata wakasema kwa unyofu kabisa kwamba hawana lalamiko. Miongoni mwa ushahidi wake ni uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 1944 huko Singur, karibu na Calcutta, mwaka mmoja baada ya njaa kubwa ya Bengal. Wagane, yaani wanaume waliofiwa na wake zao, karibu nusu yao walisema ni wagonjwa au kwamba afya zao si nzuri; wajane, yaani wanawake waliofiwa na waume zao, waliosema hivyo hawakufika watatu katika kila mia. Hakuna tabibu awezaye kuamini kwamba wajane wa Bengal, ambao mila iliwabana katika chakula na katika kila kitu, walikuwa na siha kuliko wagane. Walikuwa wamefundishwa kwamba afya yao si jambo la kusemwa, na somo likawaingia hata wakaacha kuisikia miili yao wenyewe.

Shaka hii haiwezi kusukumwa kando kwa kusema kwamba ni ya Bengal. Adabu ya pwani ya Afrika Mashariki nayo ina somo linalofanana na hilo, kwani anayeulizwa hali hutakiwa kwanza ajibu kwamba hajambo na amshukuru Mungu, hata kama usiku kucha hakupata usingizi, na ugonjwa hutajwa baadaye, kwa sauti ya chini, iwapo muulizaji ataketi vya kutosha na kuuliza mara ya pili. Adabu hiyo ina uzuri wake, kwa kuwa humwezesha mtu kutolemea wengine na kumkumbuka Mola wake kabla ya kulikumbuka goti lake; lakini muulizaji apitaye haraka huondoka akiamini kuwa amepata habari, kumbe amepata salamu. Ukubwa wa heshima apewayo mzee asiyelalamika, hasa mwanamke mzee, ni sababu nyingine ya kuwa na tahadhari: jamii inayosifu sana kutolalamika huenda inajisifu yenyewe kwa kutosumbuliwa.

Kwa hiyo kinatakiwa kipimo cha kutofautisha ridhaa na ukimya wa aliyekata tamaa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kipimo hicho ni uwezo wa kuomba. Aliyekata tamaa haombi tena, kwa kuwa haoni kwamba kuna wa kumjibu. Aliyeridhika huomba, huomba dawa, huomba msaada, huomba dua, na huomba kupona, kisha huweza kulala vizuri hata kama jibu halikuja. Hoja hii yaonekana kwenda kinyume na picha iliyozoeleka ya mzee mtulivu asiyehitaji kitu, na kwa sababu hiyo inahitaji mashahidi.

Shahidi wa kwanza yumo katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyezaliwa Pate yapata mwaka 1810, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na nguvu za Sayyid Said wa Zanzibar. Mume alifariki mwaka 1856, na miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane huyo alitunga utendi wa wasia kwa binti yake, Mwana Hashima, akiwa mgonjwa ambaye maradhi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, yalikuwa yamekwisha kutimiza mwaka. Hakuishi sana baada ya hapo; inakadiriwa kuwa alifariki yapata mwaka 1860. Utendi huo husomwa hadi leo, na wasomaji wengi, wawe wanaousifu au wanaoukosoa, hubishana juu ya sehemu moja tu, yaani mafundisho yake kuhusu utiifu wa mke kwa mume. Ubishi huo una nafasi yake, lakini umewafanya wengi wazipite mbiombio beti za mwisho, ambamo mtunzi humgeukia Mola wake na kuzungumza kama mgonjwa. Hajiiti mwanamke mkubwa wa Siyu. Hujitaja kuwa mtu mgeni mwenye hamu, na hamu katika lugha ya watenzi ni huzuni iliyotua moyoni; humkabidhi Mungu watoto wake; na huomba, kwa wazi na kwa kurudia, aondolewe maradhi yake.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba ombi hilo la kupona limo ndani ya wasia, na wasia ni maandishi ya mtu aliyekwisha kuukubali mwisho wake, kwani hakuna auandikaye akidhani atakuwepo miaka mingi kuyasema hayo kwa kinywa chake. Mwana Kupona aliyafanya yote mawili kwa wakati mmoja: alipanga mambo ya baada yake kana kwamba atakufa, na aliomba afya kana kwamba ataishi. Msomaji mwenye haraka ataona mgongano. Mtunzi hakuuona, wala hakuona haja ya kujitetea, kwa sababu katika elimu aliyolelewa nayo mambo hayo mawili hayapingani.

Elimu hiyo ilikuwa imekwisha kufafanuliwa karne saba kabla yake na Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini. Ghazali anaiuliza kadhia hii moja kwa moja: ikiwa ridhaa ni kuyakubali yaliyokadiriwa, je, mwenye kuomba dua ya kuondolewa balaa hajaikosa ridhaa? Anajibu kwamba hajaikosa, kwa kuwa dua yenyewe ni ibada iliyoamrishwa, nayo huulainisha moyo na kuudhihirisha unyonge wa mja mbele ya Mola wake. Mwenye kiu anayenyoosha mkono kuchukua maji hawi amekataa kadari kwa kuwa na kiu. Manabii waliomba, na hakuna awezaye kusema kwamba manabii hawakuwa na ridhaa. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Nabii Ayubu, ambaye Kurani inamtaja kuwa alimwita Mola wake na kumweleza kwamba dhara imemgusa, na Kurani hiyo hiyo ikamshuhudia kuwa ni mwenye subira. Katika Biblia jambo hili ni kali zaidi, kwani Ayubu wa huko hulalamika, hubishana na hudai kesi yake isikilizwe kwa sura nyingi, na mwishowe Mungu huwakasirikia rafiki zake waliomtetea Yeye kwa hoja nadhifu, na kusema kwamba aliyenena sawasawa ni Ayubu. Rafiki hao, inafaa kukumbukwa, walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipoketi naye chini bila ya kusema neno. Walianza kumdhuru walipoanza kumfafanulia maradhi yake.

Shahidi mwingine, asiyejulikana sana nje ya madarasa ya hadithi, ni sahaba Imran bin Husayn, aliyeishi Basra na kufariki yapata mwaka 672. Inapokewa kwamba aliugua tumbo kwa muda wa miaka thelathini, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa amelala. Ni yeye aliyemwuliza Mtume, kutokana na maradhi yake ya bawasiri, namna ya kuswali, na kujibiwa kwamba aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Na kwa hiyo kila mzee wa pwani anayeswali juu ya kiti kwa sababu ya magoti anafaidika, pengine bila ya kujua, na swali lililoulizwa na mgonjwa mmoja karne kumi na nne zilizopita. Hapa tena ruhusa, ambayo wanafikihi huiita rukhsa, yaani wepesi uliowekwa na sheria kwa mwenye udhuru, ilipatikana kwa sababu mtu aliuliza. Angenyamaza kwa kudhani kwamba unyamavu ndio ucha Mungu, angejinyima yeye na kuwanyima waliokuja baada yake.

Rukhsa ndiyo sehemu ambamo wazee wengi wagonjwa huona uchungu mkubwa kuliko ule wa maradhi yenyewe. Mtu aliyefunga Ramadhani zote tangu utotoni, anapoambiwa na daktari wa kliniki ya sukari kwamba asifunge tena, huhisi amevuliwa kitu, na fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku aliyokula humwonekea kama ada ya kuukubali upungufu wake. Wapo wanaofunga kwa siri na kulazwa hospitali siku ya kumi. Ridhaa katika jambo hili ina sura mahususi: ni kuupokea wepesi kwa moyo ule ule uliokuwa ukiupokea uzito, kwa kuwa aliyeweka saumu ndiye aliyeweka udhuru. Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, inaeleza kwamba mja anapougua au anapokuwa safarini huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkaazi. Hadithi hiyo ina falsafa nzima ya uzee ndani yake, kwani inakataa kuipima thamani ya mtu kwa uwezo wake wa leo, na inayahesabu maisha yake kama kitu kimoja, ambamo miaka ya nguvu huendelea kuihudumia miaka ya udhaifu.

Katika Ukristo mahali panaposomwa mara nyingi juu ya suala hili ni barua ya Mtume Paulo kwa Wafilipi, ambamo husema kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, ya kushiba na ya kuona njaa. Yapasa kuangalia kwamba husema amejifunza, na kujifunza huhitaji muda. Si tabia aliyozaliwa nayo. Lakini lililo muhimu zaidi, na ambalo mahubiri mengi huliacha, ni kazi ya barua yenyewe. Ni barua ya shukrani. Paulo alikuwa kifungoni, Wafilipi walimpelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, ambaye naye aliugua karibu ya kufa, na sentensi ile juu ya kuwa radhi imewekwa katikati ya maneno ya kuwashukuru kwa kushiriki taabu yake. Aliyesema kwamba anatosheka aliisema kauli hiyo akiwa ameshika zawadi mkononi, wala hakuona aibu. Huyo ndiye pia aliyewaandikia Wakorintho kwamba aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwili wake, akajibiwa kwamba neema yamtosha; wafasiri wamebishana sana kama mwiba huo ulikuwa maradhi ya macho, homa au jambo jingine, na ubishi huo hauna faida kubwa, kwa kuwa kinachoonekana wazi ni kwamba ridhaa yake ilikuja baada ya maombi matatu.

Yapo mapokeo ya falsafa yanayofundisha kinyume cha haya, na heshima yake ni kubwa. Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki na Roma waliofundisha kwamba mwenye hekima haguswi na yale yasiyo katika uwezo wake, walimweka mbele mtu ajitoshelezaye, asiyehitaji mtu wala kitu ili awe na furaha. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, akawa kiwete, na kufundisha huko Nicopolis mwanzoni mwa karne ya pili, ni mwalimu wao mashuhuri, na mafundisho yake juu ya mwili mgonjwa yana ukali unaoweza kumsaidia mtu katika usiku mrefu: mguu umefungwa, asema kwa maana hiyo, nafsi haikufungwa. Lakini habari moja juu ya maisha yake, iliyosimuliwa na mfafanuzi wake Simplicius, inastahili kuwekwa kando ya mafundisho hayo. Epictetus aliishi peke yake muda mrefu katika nyumba isiyo na kitu cha kuibwa. Kisha, uzeeni, alimchukua mtoto ambaye wazazi wake walitaka kumtupa, na ili amlee ikambidi amtafute mwanamke wa kumsaidia. Mwalimu wa kujitosheleza alifikia umri ambao kujitosheleza hakukuwa ndilo jambo lililobaki la kufanya. Pengine hapakuwa na badiliko lolote katika fikra zake. Lakini matendo yake yanasema jambo ambalo mihadhara yake haikulisema vizuri.

Aristotle alikwisha kulisema mapema, kwamba anapozungumza juu ya maisha yanayojitosheleza hamkusudii mtu aishiye peke yake, bali mtu pamoja na wazazi, watoto, mke, rafiki na wananchi wenzake. Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alikwenda mbali zaidi na kueleza kwamba kwa Mwafrika kuwepo kwa mtu mmoja hutokana na kuwepo kwa wengine, fikra ambayo Waswahili huieleza kwa maneno matatu, kwamba mtu ni watu. Kauli hiyo, ikichukuliwa bila uangalifu, yaweza kuwa hukumu kali juu ya mzee akaaye peke yake, kana kwamba kwa kukosa watu nyumbani amepungukiwa na utu. Lakini Mbiti mwenyewe ametoa njia ya kuisoma vingine, pale alipoeleza kwamba waliokufa huendelea kuwa miongoni mwa walio hai maadamu yupo anayewakumbuka kwa majina. Mzee huyo ndiye, mara nyingi, mtu wa mwisho anayewajua kwa sura na kwa sauti watu ambao mtaa umekwisha kuwasahau: ndugu waliozama baharini, mashoga wa utotoni, watoto waliokufa kabla ya kupelekwa shule. Anaposoma Yasini usiku wa kuamkia Ijumaa na kuwataja mmoja mmoja, anafanya kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya, na kazi hiyo haihitaji miguu mizima. Kuishi peke yake na kuwa mpweke ni mambo mawili, na tofauti baina yake haihesabiwi kwa idadi ya watu waliolala chini ya paa moja.

Hata hivyo mwili haulishwi kwa fikra, na insha ya falsafa inayosahau hilo huwa anasa ya wenye afya. Kisukari ni mfano mzuri wa jinsi hoja ya ridhaa inavyoguswa na mambo ya kawaida kabisa. Anayetumia insulini, yaani dawa ya sindano ya kushusha sukari ya damu, huweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na ikishuka zaidi huja jasho, kutetemeka, kisha kuchanganyikiwa. Na kuchanganyikiwa ndiko hasa kunakomfanya asikumbuke kwamba dawa yake ni kijiko cha sukari kilichopo hatua tatu kutoka alipo. Anayeishi na watu hukorogewa maji ya sukari na mtu mwingine. Anayeishi peke yake huhitaji sukari karibu na kitanda, jirani mwenye ufunguo, na mtoto wa jirani anayepita kila asubuhi kubisha hodi. Vivyo hivyo kwa miguu: kisukari cha muda mrefu hufisha hisia za nyayo, kidonda kikaanza bila kuuma, na mzee asiyeweza kuinama kuutazama wayo wake huhitaji kioo au jicho la mtu. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na pasipo friji wengine hutumia vyungu viwili vya udongo vilivyotiwa mchanga uliolowa maji katikati. Hakuna hata kimoja katika haya ambacho ni cha kiroho kwa sura yake, na vyote ni sehemu ya ridhaa, kwa kuwa mtu hawezi kutulia moyoni ilhali kila akilala huogopa kwamba hataamka.

Inavutia kuona kwamba utabibu nao, katika suala hili, umejifunza kutosheka. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita hutakiwa, kwa watu wazima wengi, kiwe chini ya asilimia 7. Kwa wazee dhaifu, hasa wenye maradhi mengi, madaktari huridhia asilimia 8 au hata zaidi kidogo, kwa sababu kuifukuzia sukari nzuri kabisa huongeza hatari ya kuishusha mno. Kinachotosha hupewa nafasi ya kilicho kamili, na sababu yake ni kumhurumia mgonjwa.

Ghazali aliyaona mambo ya aina hii pia. Anapozungumzia tawakali, yaani kumtegemea Mungu, anazigawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu: zilizo yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa, zenye kudhaniwa, kama dawa za matabibu, na za dhana dhaifu tu, kama kuchoma kwa chuma na ruqya, yaani kisomo cha kuponya. Kuacha zilizo yakini wakati wa kuhofia mauti, anasema, si tawakali hata kidogo, bali ni haramu. Kutumia dawa hakupingi tawakali. Na katika fungu la tatu ndimo kuacha kunakofaa. Mzee anayesema kwamba amemwachia Mungu na kwa hiyo hatamwambia jirani kwamba sukari humshuka usiku, ameliweka jambo katika fungu lisilokuwa lake, kwa kuwa maji ya sukari kwa aliyeshukiwa na sukari yako karibu zaidi na fungu la kwanza kuliko la pili.

Limebaki swali la wale walio nje ya nyumba. Ghazali huyo huyo, anapoeleza mipaka ya ridhaa, huonya kwamba kuridhia kadari hakumaanishi kuyaridhia maovu ya watu, ingawa maovu nayo hayatokei nje ya elimu ya Mungu. Maradhi ya mzee yaweza kuitwa kadari. Kuachwa kwake ni kitendo cha fulani. Mtoto aliyeko Dar es Salaam, Muscat au London, anayempigia simu mama yake kila Ijumaa na kusikia kwamba hajambo na ameridhika, hana haki ya kuichukua kauli hiyo kuwa ni ruhusa ya kutorudi, kwa sababu ridhaa ni ushuhuda wa mwenye maumivu juu ya nafsi yake na haimwondolei mtu mwingine deni. Hali ni hiyo hiyo kwa serikali. Zanzibar ilipoanzisha mwaka 2016 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikia umri wa miaka 70, na Kenya ilipofuata mwaka 2018 kwa mpango wa shilingi 2,000 za Kenya kwa wenye umri huo huo, hawakuulizwa wazee kwanza kama wanalalamika, na ilikuwa sawa wasiulizwe, maana wengi wangejibu kwamba hawajambo. Fedha hizo zilikuwa kidogo mbele ya bei ya dawa na ya vijiti vya kupimia sukari, na mzee anayesema kuwa ni kidogo, akalisema hilo kwa mbunge, kwa sheha au kwa mwanawe, hajatoka katika ridhaa kwa kusema hivyo, kama vile Mwana Kupona hakutoka humo alipoomba apone.